Barretto Watatu Katika Midnight Blue Moja

Nina nakala tatu za albamu ya Midnight Blue ya mpiga gitaa Kenny Burrell, na katika kila nakala tumba za Ray Barretto zinalia kivyake. Katika CD ya miaka ya 1980 tumba ziko mbali, kana kwamba zinapigwa chumba cha pili na mlango umeegeshwa. Katika CD ya mwaka 1999, ambayo Rudy Van Gelder, fundi aliyeirekodi albamu hiyo, aliisafisha upya mwenyewe, yaani aliirekebisha sauti yake kutoka kwenye kanda ya kwanza, zimesogezwa mbele hadi zinakaribia kumkalia Burrell mapajani. Katika santuri ambayo mifereo yake ilichongwa na fundi Kevin Gray nasikia kiganja kikitua, ngozi ikijibu, kisha kimya kifupi kabla ya kiganja cha pili. Muziki ni ule ule uliorekodiwa tarehe 8 Januari 1963. Kilichobadilika ni sikio la aliyeketi mbele ya mitambo, na ndiyo maana nashikilia kwamba toleo lililosafishwa upya ni tafsiri ya kanda, na kwamba anayelinunua ana haki ya kuambiwa mfasiri ni nani na alitafsiri kutoka wapi.

Jazz ninayoizungumzia ni ile ya hard bop na soul jazz, iliyostawi Marekani kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi mwisho wa miaka ya 1960, pale Art Blakey, Horace Silver, Lee Morgan, Jimmy Smith na wenzao walipouchukua ufundi wa bebop, jazz ya kasi iliyowatangulia, na kuurudisha kwenye blues na kwenye nyimbo za kanisani. Sehemu kubwa ya urithi huo ilitolewa na Blue Note, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1939 na Alfred Lion, mzaliwa wa Berlin, ambaye baadaye aliungana na rafiki yake wa huko huko, mpiga picha Francis Wolff. Van Gelder ndiye aliyekuwa fundi mitambo wao. Alikuwa amesomea upimaji wa macho, na kwa miaka mingi kazi hiyo ndiyo iliyompa riziki huku akirekodi sebuleni kwa wazazi wake mjini Hackensack, New Jersey, mpaka alipohamia studio yake ya Englewood Cliffs mwaka 1959.

Ili kuelewa kwa nini nakala hutofautiana kiasi hiki, ni lazima kuelewa kanda zenyewe zilivyo. Leo studio hurekodi kila ala kwenye njia yake, kwa hiyo fundi anaweza kurudi baada ya miaka 20 akapunguza matoazi bila kuigusa besi. Van Gelder hakuwa na nafasi hiyo. Wanamuziki walipiga kwa pamoja, naye akachanganya sauti papo hapo kwenye kanda yenye njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Tarumbeta na domo la bata, kama wazee wetu wa dansi walivyoliita saksofoni, vilishaungana na mwangwi wake kabla wanamuziki hawajafunga ala zao na kurudi nyumbani. Anayesafisha upya kanda kama hiyo ana vitasa vichache mno vya kurekebishia sauti. Akiinua sauti nzito ili besi isikike, ngoma kubwa nayo hupanda. Akiinua sauti nyembamba ili matoazi yang'ae, tarumbeta ya Lee Morgan huanza kuchoma masikio, na mvumo wa kanda hutoka ulikokuwa umejificha. Piano ndiyo inayoteseka zaidi, kwa sababu tangu mwanzo Van Gelder aliirekodi ikiwa imebanwa kidogo, kama imefungiwa sandukuni, na hakuna kitasa kinachoweza kulifungua sanduku hilo bila kuvuruga kitu kingine.

Wapo wanaojibu kwamba suala hili ni jepesi: tafuta santuri ya kwanza, ile yenye herufi za RVG, yaani Rudy Van Gelder, zilizogongwa karibu na lebo na alama ndogo ya kiwanda ambayo wakusanyaji huiita sikio, nawe utakuwa umeipata sauti ya asili. Siwaonei wivu, ingawa bei wanazolipa zingetosha kununulia bajaji. Lakini asili hiyo yenyewe ilikuwa imeshapunguzwa. Van Gelder alipochonga santuri zake alijua kwamba zingechezwa kwenye gramafoni za bei rahisi, ambazo sindano zake ziliruka besi ilipozidi, kwa hiyo aliibana besi na kuziminya sauti ili santuri isikike kwa nguvu bila kukwaza sindano. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa vyombo vya mwaka 1960. Aliyesikiliza santuri ya kwanza hakuwahi kuisikia kanda yote, na baadhi ya matoleo ya leo yana besi ambayo hata mnunuzi wa wakati ule hakuwahi kukutana nayo.

Kisha kuna kisa cha Van Gelder mwenyewe, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Kuanzia mwaka 1998 huko Japani, na mwaka uliofuata huko Marekani, zilianza kutoka CD zilizobeba jina lake, alizozisafisha kwa mkono wake akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Hoja ya wauzaji haikuhitaji maelezo marefu: nani aijue sauti hiyo kuliko aliyeirekodi? Nilizinunua kwa imani hiyo hiyo. Nyingi kati yake, kwa sikio langu, zina kelele kupita kiasi na ncha kali, na sauti zilizokuwa zimetawanyika kushoto na kulia zimevutwa kuelekea katikati. Kuhusu hilo la mwisho namtetea. Wakati zile kanda zinarekodiwa, yeye na Lion walisikiliza mchanganyiko wao kwa spika ya mono, yaani sauti zote zikitoka mahali pamoja, na kule kutenganishwa kwa saksofoni upande huu na ngoma upande ule hakukuwa picha waliyoikusudia. Anayesikiliza kwa spika za masikioni anajua jinsi inavyochosha kuwa na mpiga ngoma Blakey mzima ndani ya sikio moja. Lakini zile kelele zilikuwa tabia ya miaka ya 1990, wakati kila CD ilishindana na jirani yake, na mzee naye hakusalimika. Miaka 40 ni mingi. Aliyezaa sauti anaweza kuirudia akiwa na masikio mengine, ladha nyingine na mitambo mingine, na tafsiri yake ikabaki kuwa tafsiri.

Katika mfululizo huo huo kuna jambo jingine lililonikera. Moanin' ya Art Blakey, iliyorekodiwa tarehe 30 Oktoba 1958, inafunguliwa na piano ya Bobby Timmons ikiita na wapulizaji wakiitikia, kama mhubiri na waumini wake, na sidhani kama jazz ina mlango mzuri zaidi wa kuingilia. Katika CD ile, kabla ya piano, unasikilizishwa zaidi ya nusu dakika ya Lee Morgan akipasha tarumbeta moto na kuzungumza na Van Gelder. Ni kumbukumbu ya thamani, nakubali, lakini mahali pake ni mwisho wa CD, baada ya muziki, pamoja na vipande vingine vya ziada.

Matoleo ninayoyapenda sasa ni ya mfululizo wa Tone Poet, ulioanza mwaka 2019 Blue Note ilipotimiza miaka 80, chini ya usimamizi wa Joe Harley, huku Kevin Gray akichonga moja kwa moja kutoka kwenye kanda za kwanza. Nayapenda kwa utulivu wake. Piano inapumua kidogo, na matoazi yanafifia taratibu badala ya kukatika. Nayapenda zaidi kwa sababu majina ya waliofanya kazi na chanzo cha sauti vimewekwa wazi. Bei yake ni ya kuumiza: santuri moja ni zaidi ya dola 30 kabla ya usafirishaji na ushuru, na mpaka ifike Dar es Salaam umeshajiuliza maswali mengi kuhusu akili zako.

Uwazi huo una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2022 kampuni moja ya Marekani iliyosifika kwa santuri za bei kali ilikiri kwamba kwa miaka mingi ilikuwa ikiipitisha sauti katika hatua ya kidijitali huku wateja wake wakiamini kwamba hakuna tarakimu iliyogusa muziki wao. Wengi wa waliokasirika walikuwa wameshazisifu santuri hizo hizo, wakiapa kwamba dijitali wangeitambua hata usingizini. Kicheko kilinitoka, lakini hasira yao ilikuwa ya haki, kwani walikuwa wamelipia maelezo ambayo hayakuwa ya kweli.

Mimi nililiwa kwa njia ya bei rahisi zaidi. Sheria za Umoja wa Ulaya zililinda rekodi kwa miaka 50, na muda huo ulipoongezwa kuwa 70, rekodi zilizotoka kabla ya mwaka 1963 zilikuwa zimeshaponyoka, kwa hiyo mtu yeyote huko anaweza kuchapisha Blakey au Mobley wa miaka ile bila kuigusa kanda ya kwanza na bila kulipa warithi wa mwanamuziki. Niliagiza Soul Station, albamu ya mpuliza saksofoni Hank Mobley, kutoka kwa mmoja wa wachapishaji hao. Jalada lilijigamba kwa uzito wa gramu 180, na juu ya chanzo cha sauti halikusema neno. Niliiweka, nikaweka na CD yangu ya mwaka 1999, nikabadilisha huku na huku usiku mzima: zilikuwa na ukali ule ule na kelele zile zile, tofauti ikiwa ni mikwaruzo tu. Nina hakika nililipia CD niliyokwisha kuwa nayo, safari hii ikiwa imevalishwa plastiki nzito.

Hata hivyo, siwezi kuyalaani matoleo ya marudio, kwa kuwa bila kazi hiyo muziki mwingine usingetufikia kabisa. Tina Brooks, mpuliza saksofoni ya tena mwenye sauti ya mtu anayeongea peke yake, alirekodi albamu nne kwa jina lake kati ya mwaka 1958 na 1961. Ni True Blue pekee iliyotoka akiwa hai. Alifariki mwaka 1974. Mtayarishaji Michael Cuscuna ndiye aliyeingia kwenye ghala la kanda za Blue Note, na mwaka 1985 kampuni yake ya Mosaic ikazitoa zote nne katika kasha moja. Hata albamu zilizotoka ziliweza kukalishwa kabatini. Search for the New Land ya Lee Morgan ilirekodiwa Februari 1964, miezi miwili baada ya uhuru wa Kenya, na ndani yake mna wimbo uitwao Mr. Kenyatta. Mafanikio ya The Sidewinder, albamu yake nyingine, yaliifanya isubiri hadi mwaka 1966, na ilipofika madukani yule aliyeimbiwa alikuwa ameshatoka katika uwaziri mkuu na kuwa rais. Kila ninapokuta toleo jipya la albamu hiyo huanzia wimbo huo, nikiisikiliza besi ya Reggie Workman chini ya piano ya Herbie Hancock, na baada ya dakika moja huwa nimeshajua kama fundi alikuwa na subira.

Soul Station ile ya gramu 180 nimempa mpwa wangu, ambaye ana gramafoni ya mkoba yenye spika zilizojengwa humo humo. Anaicheza kila Jumapili akipiga pasi, na juzi aliniuliza, kwa heshima zote, kama kwa mjomba kuna nyingine ya huyo huyo Mobley.