Kichina Tufundishwe kwa Kiswahili

Kazi yangu ya kwanza baada ya shahada ya Kichina ilikuwa ukalimani kwenye jengo lililokuwa likipandishwa Nyali, Mombasa. Siku ya pili asubuhi, msimamizi, Mchina wa makamo, alinigeukia akasema, "Shuǐpíngchǐ." Nikakwama. Akili ilikimbilia Kiingereza, kama ilivyozoeshwa darasani miaka minne, na kwa Kiingereza kifaa hicho sikukijua jina. Msimamizi akalaza kiganja hewani, akarudia kipande cha kwanza cha neno lake: shuǐ. "Maji," nikasema. Fundi aliyekuwa juu ya jukwaa akaita, "Pima maji! Anataka pima maji!"

Ni kile kifaa cha kupimia kama kitu kimelala sawa. Shuǐ ni maji, píng ni sawasawa, chǐ ni rula. Mchina na Mswahili walikitazama kifaa kile kile wakayaona maji yaliyomo kwenye kichupa chake, wakakipa jina. Lugha zote mbili nilikuwa nazo kichwani. Hakuna aliyewahi kuzikutanisha.

Ndiyo maana nasema, na nasema kwa uchungu: anayesomea Kichina chuo kikuu hapa kwetu afundishwe kwa Kiswahili. Taasisi ya kwanza ya Confucius, kituo cha China cha kufundishia Kichina, barani Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na mwaka 2013 zikafunguliwa za Dar es Salaam na Dodoma. Muda umepita wa kutosha. Lakini vitabu nilivyosomea mimi vilikuwa na Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na kila neno lilitufikia baada ya kuzungushwa London.

Chukua somo la jamaa, mwaka wa kwanza. Kitabu kilikuwa na bóbo, shūshu na jiùjiu, na mbele ya yote matatu limeandikwa neno lile lile la Kiingereza, anko. Mwalimu wetu alichora ubaoni mti mzima wa ukoo, mishale huku na huku, na bado darasa lilikuwa gizani. Kisha msichana wa nyuma akanong'ona, "Si huyu jiùjiu ni mjomba tu?" Basi likaisha. Jiùjiu ni mjomba, ndugu wa mama. Shūshu ni baba mdogo, bóbo ni baba mkubwa, na gūgu ni shangazi. Sisi tunajua tangu utotoni kwamba mjomba na ami, ndugu wa baba, si mtu mmoja, kwamba kila mmoja ana haki yake na adabu yake. Mchina naye anajua. Tulipoteza saa nzima kwa sababu lugha iliyokaa katikati yetu imeyachanganya.

Matamshi nayo. Sauti b na p za Kichina, kikiandikwa kwa herufi za Kilatini, zinatofautiana kwa pumzi tu: bà, baba, haina pumzi, na pà, kuogopa, ina pumzi. Tukaambiwa b ni kama ya Kiingereza, na wengi wetu tukaitamka kama ya "baba" wetu, ambayo iko mbali zaidi. Likizo moja nilikuwa nyumbani Mombasa, nafanya mazoezi barazani, nikamsikia nyanya akimsahihisha mtoto wa jirani aliyetoka bara. "Umesema paa, mjukuu wangu. Hilo ni la nyumba. Mnyama ni p'aa, mpulizie." Nikaweka daftari chini. Paa la nyumba ndiyo b ya Kichina, p'aa wa porini ndiyo p yake. Kaa la moto ni g yao, k'aa wa pwani ni k. Wazee wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, wanalo somo hili mdomoni, na hakuna mhadhiri aliyewahi kulitumia.

Sisemi Kiswahili kitatatua kila kitu. Toni nne za Kichina, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ambazo kwazo mǎi ni kununua na mài ni kuuza, Kiswahili hakinazo. Hapo wenzangu wenye Kijaluo na Kikuyu, lugha zenye toni, walitutangulia, na wahadhiri wangefanya vyema kuanzia hapo.

Vipimo vya majina je? Mchina hasemi "samaki mmoja" hivi hivi. Lazima aweke neno la kundi katikati: tiáo kwa samaki, mto, barabara na suruali, vitu virefu, zhāng kwa karatasi, meza na kitanda, vitu vyenye uso bapa, bǎ kwa kisu na mwavuli, vitu vya kushikwa. Kitabu kilitutaka tukariri kama jambo geni kabisa. Geni kwa nani? Sisi ni watu wa ngeli. Tangu tunaanza kusema tunajua kwamba majina yana makundi, na kwamba ukihesabu, hesabu hufuata kundi. Ukimwambia mwanafunzi hivyo tu, hofu inamtoka.

Na ushairi, ambao ndio ulionipa moyo wa kumaliza shahada. Mashairi ya enzi ya Tang (618–907) yana mistari ya herufi tano au saba, kila herufi silabi moja, yenye kituo ndani na vina mwishoni. Shairi la kwanza tulilosoma lilikuwa na mistari minne, herufi 20 kwa jumla. Mimi niliyekua nikisikia tenzi niliona mizani na vina waziwazi. Kisha tukapewa tafsiri ya Kiingereza ya kufanyia mtihani, mizani zimekwenda, vina vimekwenda.

Wenzetu wa China hawakuzunguka. Kiswahili kilianza kufundishwa vyuoni Beijing mwanzoni mwa miaka ya 1960, na idhaa ya Kiswahili ya redio yao ikaanza mwaka 1961. Walitunga kamusi za Kiswahili na Kichina, moja kwa moja. Nimekutana na vijana wao wanaosema Kiswahili cha kukaa nacho barazani.

Watu huniuliza shahada hii ni ya kazi gani. Nendeni pale Nyali mkasikilize. Fundi anasema Kiswahili, msimamizi anasema Kichina, na ukuta unapanda katikati yao. Mkalimani anayepitia lugha ya tatu anawachelewesha wote wawili, na siku nyingine anapotosha kipimo.

Kamusi ile niliyoitamani darasani nimeanza kuiandika mwenyewe, daftari la safu mbili. Ukurasa wa jamaa umejaa. Wa ujenzi una shuǐpíngchǐ juu kabisa, pima maji mbele yake. Jumamosi fundi mmoja wa Kisauni amenipa neno timazi, uzi wa kupimia kama ukuta umesimama wima, na natafuta namna nzuri ya kuelezea kwamba Wachina nao hutundika jiwe lao kwenye uzi.