Muvi za njama za London kabla ya vita zinaanzia mahali sipo

Mimi ni mgonjwa wa muvi na riwaya za njama za miaka ya 1930, zile za London kabla ya vita ya pili. Mnazijua. Karani kijana wa wizara ya mambo ya nje, au binti wa familia yenye jumba shambani, anaokota karatasi ambayo hakutakiwa kuiona, watu wanaanza kufa mmoja mmoja, huko nje wanachimba mahandaki kwenye bustani ya Hyde Park na kila mtu anapewa barakoa ya gesi, na mwishoni anagundua yule mzee mwenye heshima zake aliyekuwa anamkimbilia ndiye kiongozi wa wale wanaotaka Uingereza ielewane na Hitler kwa gharama yoyote. Naweza kuangalia hiyo stori mara kumi na bado nikashtuka.

Ila kuna kitu kinanikera na nimekibeba muda mrefu, ngoja nikitoe leo. Karibu zote zinaanzia Munich, Septemba 1938, kwenye ule mkutano ambao Uingereza na Ufaransa zilikubali Hitler achukue kipande cha Czechoslovakia, kama vile kabla ya hapo hakuna kilichotokea, na zote zinataka tuamini ubaya ulikuwa umefichwa kwenye chumba cha chini na watu wachache wabaya.

Sisemi hakukuwa na siri. Siri zilikuwepo na nyingine ni tamu kuliko za kubuni. Kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Joseph Ball, aliwahi kuwa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, baadaye akawa anaongoza idara ya utafiti ya chama cha Conservative, na huyu alikuwa anasikiliza kwa siri simu za wanasiasa waliokuwa wanampinga waziri mkuu Neville Chamberlain, tena watu wa chama hichohicho, na kulikuwa na gazeti la kila wiki linaitwa Truth, yaani Ukweli, ambalo wasomaji walidhani linajitegemea kumbe nyuma yake yupo yeye. Alipomaliza kazi akaziharibu nyaraka zake nyingi. Hapo mwandishi wa njama unataka nini tena?

Au ile ya Septemba 1938, Theodor Kordt, afisa wa ubalozi wa Ujerumani London, anaingizwa Downing Street kwa mlango wa nyuma kwenda kumwambia Lord Halifax, waziri wa mambo ya nje, kwamba wapo maofisa wa jeshi Berlin wako tayari kumwangusha Hitler kama Uingereza itasimama imara na kusema hapana. Mwezi mmoja kabla alishakuja Mjerumani mwingine aliyempinga Hitler, Ewald von Kleist-Schmenzin, na ujumbe wa aina hiyo, Chamberlain akamfananisha na wale wafuasi wa mfalme aliyepinduliwa waliokuwa wanazurura Ufaransa zamani, maana yake usiwaamini sana. Wale wa Berlin kina Hans Oster walikuwa wanasubiri tu vita itangazwe wamkamate mtu wao. Vita haikutangazwa, Chamberlain alipanda ndege akiwa na miaka 69 akaenda kwa Hitler mara 3 ndani ya mwezi mmoja, mpango wa kina Oster ukafia mikononi. Kila nikiisoma hii sehemu naumia upya.

Lakini hizo ni pembeni. Sehemu kubwa ya sera ya kumbembeleza Hitler ilifanyika mchana kweupe, kwenye chakula cha jioni, kwenye gazeti. Tarehe 7 Septemba 1938 gazeti la Times liliandika kwenye maoni ya mhariri kwamba labda Czechoslovakia iachie tu lile eneo la Sudeten lenye Wajerumani wengi, yaani gazeti zito kuliko yote London linamwambia Hitler bei kabla hajaingia dukani. Mhariri wake Geoffrey Dawson aliwahi kuandika mwenyewe kwenye barua kuwa usiku baada ya usiku anajitahidi kuondoa gazetini chochote kinachoweza kuwaumiza Wajerumani. Hakutishwa na mtu wala hakulipwa. Alikuwa anaamini anachofanya, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko bastola yoyote kwenye muvi.

Na raia walishangilia. Chamberlain aliporudi kutoka Munich na kile kikaratasi cha ahadi ya amani alichosaini na Hitler, tarehe 30 Septemba, watu walijaa barabarani kwenye mvua. Siwalaumu kirahisi. Miaka 20 tu ilikuwa imepita tangu vita ya kwanza, karibu kila nyumba ilikuwa na picha ya kijana ukutani, Chamberlain mwenyewe alimpoteza binamu yake waliyependana sana. Mtu aliyezika hivyo ukimwambia kuna njia ya kukwepa vita atakushika mkono, mimi pia ningekushika mkono.

Swali langu ni nani alikuwa analipa. Maana kumbembeleza mtu mwenye njaa lazima uwe na kitu cha kumpa, na Waingereza hawakuwa wanatoa Kent wala Yorkshire. Walikuwa wanamchinjia mgeni mbuzi wa jirani.

Na mbuzi wa kwanza alikuwa Ethiopia. Hapa ndipo muvi hizi zingetakiwa zianzie. Desemba 1935 Mussolini ameshavamia, na mwezi mmoja tu nyuma serikali ya waziri mkuu Baldwin ilishinda uchaguzi ikisema inasimama na Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa. Waziri wa mambo ya nje Samuel Hoare anapita Paris akiwa safarini kwenda mapumziko Uswisi, anakaa na Pierre Laval, waziri mkuu wa Ufaransa, wanachora ramani, eneo kubwa la Ethiopia linaenda kwa Waitalia na Haile Selassie anabakiziwa kilichobaki pamoja na kanjia kembamba ka kufika baharini. Magazeti ya Ufaransa yakapata habari, yakachapa, London wananchi wakawaka kwa hasira, na tarehe 18 Desemba Hoare akajiuzulu. Kuna mpango wa siri, kuna ramani, kuna uvujaji wa siri, kuna waziri anaanguka, na katika vita hiyohiyo ndege za Italia zinamwagia watu gesi ya haradali. Mfereji wa Suez haukufungwa, meli za jeshi la Italia zilipita palepale chini ya pua ya Waingereza. Mafuta pia hayakuzuiwa. Juni 1936 Haile Selassie akasimama Geneva akawaambia wakubwa wa dunia kitakachofuata, na Aprili 1938 serikali ya Chamberlain ikasaini makubaliano na Mussolini yenye kuikubali Ethiopia kuwa ya Italia. Hii ni miezi mitano kabla ya Munich! Hitler alikuwa anaangalia yote haya, halafu mtu anatengeneza muvi anamuonyesha Chamberlain kama vile ndio kwanza anakutana na tatizo.

Mbuzi wa pili karibu tuwe sisi.

Tanganyika ilikuwa ya Mjerumani mpaka vita ya kwanza, baada ya hapo Muingereza akaishika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na Hitler miaka yote ya 1930 alikuwa anadai makoloni yarudi. Chamberlain aliwahi kuwaza hili kwenye barua kwa mmoja wa dada zake, akasema haamini kwamba amani ya kudumu inaweza kununuliwa kwa kuwapa Wajerumani Tanganyika, ila kama angeamini hivyo asingesita hata kidogo. Mara ya kwanza kuisoma nilirudia sentensi ile mara tatu. Hakuna chuki ndani yake, hakuna hata ubishi. Watu wa Moshi, wa Songea, wa Tanga, wapo kwenye hesabu kama gunia la mkonge, kinachopimwa ni kama bei itatosha.

Tena haikuishia kwenye barua. Tarehe 3 Machi 1938 balozi wa Uingereza Berlin, Nevile Henderson, alikaa mbele ya Hitler akamletea pendekezo rasmi la mpango mpya wa makoloni Afrika ya kati, eneo kubwa la bonde la Congo ambalo Ujerumani ingepata kipande chake, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ya Wabelgiji na Wareno ambao nao hawakuulizwa, achilia mbali wenye ardhi wenyewe. Hitler akaonyesha hana haraka, makoloni yanaweza kusubiri miaka kadhaa. Siku 9 baadaye jeshi lake likaingia Austria. Yaani tulipona si kwasababu kuna aliyetutetea, tulipona kwasababu mnunuzi siku hiyo alikuwa anataka bidhaa nyingine.

Kuna wanaosema Chamberlain alinunua muda, kwamba 1938 ndege za Spitfire zilikuwa ndio kwanza zinaanza kuingia jeshini. Ndege ni kweli, siwabishii. Lakini muda hukununua peke yako, Hitler naye alipata mwaka uleule, akapata ngome za Czechoslovakia bila risasi, na Machi 1939 alipoingia Prague akachukua na viwanda vya Skoda, na vifaru vilivyotengenezwa na Wacheki ndivyo vilivyokuja kuonekana Ufaransa 1940 vikiwa na alama ya Mjerumani. Wawakilishi wa Wacheki usiku wa Munich waliwekwa hotelini wakisubiri kuambiwa nchi yao imekatwaje. Hiyo ya hotelini ningeipa dakika 20 nzima kwenye muvi, wanaume wawili, chumba, saa ukutani, hakuna anayebisha hodi.

Babu mzaa mama alienda Keya, jeshi la Muingereza la Afrika Mashariki. Alikuwa anaiita vita ya Hitla kama wazee wote, akafika Burma, akarudi na koti na kikohozi. Hakuna aliyemwambia kwamba miaka michache kabla hajavalishwa kaptula za kwenda kupigana na Hitler, Chamberlain, mtu wa serikali hiyohiyo, alikuwa amewaza kwenye barua kumpa Hitler kijiji chake. Alikufa hajui, na mimi nilipokuja kujua nilikuwa nishachelewa kumhadithia.

Kwahiyo mwenye kamera, au hata mwenye kalamu tu na stori nzuri, mimi naomba hivi. Acha hiyo bastola kwenye droo. Anzia kijijini Odiham, Hampshire, asubuhi, kwa dada zake Chamberlain, Ida na Hilda, ambao kaka yao alikuwa anawaandikia kwa zamu karibu kila wiki. Dada anapasua bahasha, anamimina chai, anasoma kuhusu afya, anasoma kuhusu bunge, anafika pale kwenye Tanganyika, anageuza ukurasa.