Rangi ya ukutani na amana ya mpangaji: nani alipe?

Siku ya kurudisha ufunguo ndiyo siku ya ugomvi. Mpangaji ameshapakia virago kwenye pikapu, keateka anapita chumba kwa chumba akisugua kuta kwa kidole, na baada ya wiki mbili inakuja orodha ya makato: rangi, fundi, usafi, kitasa. Amana ya mwezi mmoja, au dipoziti kama wengi tunavyoiita, imeyeyuka. Nchini Kenya malalamiko haya husikika kila mwisho wa mwezi, na kwenye orodha hiyo hakuna kinachogombewa kama rangi.

Wengi hudhani ipo sheria inayosema amana ya nyumba ya kuishi irudishwe lini na ikatwe kwa hesabu gani. Kwa nyumba nyingi za mjini, haipo. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba za bei hiyo leo unazihesabu kwa vidole. Maduka na hoteli yana sheria yake, Sura ya 301, na baraza lake. Anayelipa 15,000 kwa chumba kimoja cha kulala Kasarani anashikwa na mkataba wake pamoja na Sheria ya Ardhi ya 2012.

Kifungu cha 66 cha sheria hiyo kinamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, ila hakimbebeshi uchakavu wa kawaida, wala moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wake. Hapo mpangaji ana hoja nzito. Rangi hufifia hata chumba kikifungwa bila mtu, na ukuta unaopigwa na jua la dirishani hupauka mtu akiishi humo kwa adabu zote.

Mwenye nyumba naye anafungua ukurasa wa pili wa mkataba: “Mpangaji atapaka rangi upya kwa gharama yake atakapohama.” Sahihi ipo, na mahakama za Kenya hazina mazoea ya kuwaandikia watu mikataba upya. Wala si uchoyo tu unaomsukuma. Nyumba yenye kuta za masizi haipangishiki, na kila wiki inayokaa tupu ni kodi iliyopotea huku mkopo wa benki ukidai. Sheria ya kukamata mali ya mpangaji, Sura ya 293, ni ya malimbikizo ya kodi peke yake, na kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni. Kwa ukuta uliochafuliwa, fedha pekee iliyo karibu na mkono wake ni amana.

Kwa maoni yangu kipengele hicho kina haki pale nyumba ilipokabidhiwa ikiwa na rangi mpya. Lakini mara nyingi mpangaji anayehama alikatwa rangi, kuta zikafutwa kwa kitambaa chenye maji, na mwingine akaingizwa. Naye akihama, anakatwa. Rangi imelipwa mara mbili na haijapakwa hata mara moja. Ndiyo maana swali la kwanza la mpangaji linapaswa kuwa la risiti: rangi ilinunuliwa lini, lita ngapi, na nani aliipaka?

Hesabu yenyewe si ngumu. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, chenye kimo cha mita 2.6, kina kuta za takriban mita za mraba 34. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 30. Lita moja ya rangi ya maji hufunika karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ikipakwa mara moja, kwa hiyo mikono miwili ni lita 6. Ongeza dari, unafika lita 8. Anayedai ndoo ya lita 20 kwa chumba hicho anapaka na kwa jirani. Ila mpangaji aliyejipakia ukuta mmoja rangi ya damu ya mzee asishangae akidaiwa mkono wa tatu, kwa sababu rangi nyeupe haiifuniki kwa miwili. Hapo hakuna cha uchakavu.

Mkataba ukiwa kimya, kipimo cha haki ni umri. Rangi iliyotarajiwa kudumu miaka 4, mpangaji akiishi 3, hasara iliyobaki ni robo. Mwenye nyumba atajibu kwamba hakuna sheria inayotaja robo, na ni kweli. Ila kudai ukuta mpya badala ya mkuukuu ni kudai zaidi ya kilichopotea.

Ukungu ni kesi nyingine kabisa. Katika jengo la wapangaji wengi, kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi kinamwachia mwenye nyumba ukarabati wa paa, kuta kuu na mabomba makuu ya maji taka. Doa la kahawia lenye duara, linalopanuka kutoka sehemu moja baada ya mvua, ni lake. Ukungu mweusi wa pembe za juu na nyuma ya kabati kwa kawaida ni mvuke wa jikoni na nguo zilizoanikwa ndani madirisha yakiwa yamefungwa. Huo ni wa mpangaji.

Kuna jambo moja ambalo wapangaji hawana utetezi: kuacha kulipa mwezi wa mwisho na kusema “kata kwa dipoziti”. Wanafanya hivyo kwa sababu hawaamini kwamba itarudi, lakini kwa kufanya hivyo wanakuwa wadaiwa wa kodi, na sinki lililopasuka linabaki bila fedha ya kulilipia.

Mzozo usipoisha, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa kwa dai, na haifungwi na kanuni kali za ushahidi. Picha zenye tarehe za siku ya kuingia na ya kutoka, pamoja na ujumbe wa M-Pesa, hubeba kesi. Kikwazo ni kwamba mahakama hiyo haigusi migogoro ya umiliki au ukaaji wa ardhi, na wakili wa mwenye nyumba anaweza kujaribu kulisukuma dai la amana kwenye kapu hilo. Kwa hiyo fomu ijazwe kama dai la fedha zilizopokelewa na kushikiliwa: kiasi, tarehe ya malipo, tarehe ya kukabidhi ufunguo. Malalamiko kuhusu notisi ya kuhama au kupandishwa kwa kodi yasiingizwe humo hata kidogo.