Kufuli la Bwana G. Levers

Shemeji yangu ni mchimbaji wa dhahabu Geita. Alipita kwangu akaacha ditekta yake, kile kifaa kinacholia kikinusa chuma ardhini, uvunguni na onyo la neno moja: "Usiiguse." Kesho yake alfajiri nilikuwa Luchelele, ufukweni kwa bibi, naipitisha juu ya nyasi kama mtu anayefagia hewa.

Ikalia karibu na choo cha zamani. Nikachimba, likatoka kufuli. Zito, la njano chini ya tope, upinde wake umeganda wazi, na kifuniko kidogo cha kuzungusha juu ya tundu la ufunguo. Nikasugua kwa kidole gumba. Zikajitokeza herufi: G LEVERS.

Mjerumani! Alikaa Mwanza mpaka Waingereza walipomtoa mwaka 1916, na hapa mjini hukosi kijiwe chenye mtu anayemjua mtu aliyeokota rupia zake. Kabla sijanyanyuka shimoni nilishajua yote: Bwana G. Levers, ofisa wa Kaizari, alifunga sanduku lake, akalifukia, akatoroka.

"Akaja kufukia chooni kwangu?" bibi akauliza.

Nilililoweka kwenye mafuta ya taa siku mbili, upinde ukalainika. Siku ya tatu huyo, daladala ya kwenda Makoroboi kwa fundi makufuli. Kwa kuwahofia vibaka, nikalipachika kwenye kitanzi cha mkanda wa suruali, mbele kabisa, nilione. Daladala ikaruka tuta, mama mwenye beseni la dagaa akaniangukia tumboni. Kacha!

"Lete nilione," fundi akasema.

"Halitoki, mzee."

"Basi sogea."

Nikasimama na kiuno juu ya meza yake, wapita njia wakipunguza mwendo. Akagusisha sumaku: ikanasa upinde, ubavuni ikateleza. "Brasi halisi. Shaba na zinki. Haya ya kupaka rangi sumaku ingeng'ang'ania." Nikatabasamu. Akakata ndimu, akapaka chumvi, akasugua. G ikageuka 6.

"Sita leva," akasoma. "Leva ni vile vibao vya ndani. Ufunguo unainua kila kimoja kwa kimo chake, kimoja kikikataa hakifunguki kitu. Huyu Levers wako ni vyuma sita."

Akageuza upande wa pili, yaani akanigeuza na mimi. MADE IN INDIA.

"Sisi tukiwa vijana, maduka ya Wahindi yalijaa haya. Sijui Mjerumani wako alinunulia duka gani."

Nilinyamaza. Ofisa niliyemtunga kwa heshima zote alikufa palepale, mbele ya watu.

Mzee akaingiza waya. Leva ya kwanza, ya pili. Ya tatu ikarudi, akaanza upya. Nusu saa. Vijana wawili wakawa wanabishana kama suruali ni yangu au ya wizi. Akafika ya tano, jasho linamtiririka, mama wa mitumba wa meza ya pili akachoka kutazama. Akaja na mkasi wake, akakata kitanzi. Kip. Kufuli likaanguka mezani.

Fundi akaliangalia, akaniangalia.

"Elfu kumi," akasema. "Leva tano nilishazifungua."

"Na mkasi mia tano," mama akadakia.