Marekani: Gazeti la mji likifa, riba hupanda

Muulize mtu yeyote wa huku kwetu anayefuatilia siasa za Marekani: vyombo vya habari vimewafanya nini wale jamaa? Atakutajia Fox News, CNN, Trump na simu yake, kisha atatikisa kichwa. Hatakuwa amekosea sana. Ila jibu hilo linatokana na kile kinachotufikia kwa dishi na intaneti, nako ni Washington, ikulu na midahalo. Baraza la mji wa watu elfu thelathini halina dishi, na huko ndiko fedha nyingi za mlipa kodi zinakoamuliwa kila wiki.

Nitaanza na wanaoilaumu televisheni, maana ushahidi wao si haba. Mwaka 1987 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilifuta kanuni iliyovibana vituo vya redio na televisheni vitoe nafasi kwa pande zinazopingana. Baada ya hapo redio za mabishano zikashamiri, na mwaka 1996 Fox News ikaingia hewani. Februari 2016, wakati kampeni ya Trump imepamba moto, Les Moonves aliyekuwa mkuu wa kampuni ya televisheni ya CBS aliwaambia wawekezaji kwamba huenda mambo yale si mazuri kwa Marekani, lakini kwa CBS ni mazuri ajabu. Alisema hadharani, bila kumung'unya maneno. Na Aprili 2023 Fox ilikubali kuilipa kampuni ya mashine za kura ya Dominion dola milioni 787.5 ili kumaliza kesi ya kashfa iliyotokana na madai ya wizi wa kura wa 2020 yaliyorushwa na kituo hicho. Hakuna anayetoa fedha kiasi hicho kwa jambo la mchezo.

Hata hivyo, ukikaa na hesabu, hoja hiyo inaanza kupwaya. Vipindi vikubwa vya usiku vya Fox hutazamwa na watu milioni mbili, tatu, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 330. Na anayewasha kituo hicho saa mbili usiku mara nyingi ameshaamua atampigia nani. Anakwenda kusikiliza anachokiamini kikisemwa kwa sauti kubwa. Wenye hoja hujibu kwamba miongoni mwa hao milioni mbili wamo wabunge, na kuna wakati alikuwamo rais mwenyewe, kwa hiyo kituo kinafika kwenye meza ya maamuzi bila kupita kwa mpiga kura. Jibu zuri, nalikubali. Lakini bado tunazungumzia ghorofa ya juu tu.

Sasa twende Bell.

Bell ni mji mdogo ndani ya kaunti ya Los Angeles, California. Ukubwa wake haufiki kilomita za mraba saba, na mwaka 2010 wakazi walikuwa kama 35,500, wengi wao familia za wahamiaji zenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, watu wa kipato cha chini. Mwaka 1993 mji huo ulimwajiri mkurugenzi, Robert Rizzo, kwa mshahara wa dola 72,000 kwa mwaka. Kufikia 2010 alikuwa analipwa dola 787,637. (Ukizitazama tarakimu hizo utaona zinavyofanana na malipo ya Fox kwa Dominion. Ni sadfa tu, lakini nilipoiona nilicheka peke yangu.) Wakati huo Rais Obama alikuwa analipwa 400,000. Mkuu wa polisi wa Bell, mwenye kikosi kidogo kabisa, alikuwa na 457,000. Madiwani, ambao kazi yao ni ya saa chache kwa mwezi, walikuwa wanachukua karibu laki moja kila mmoja, isipokuwa mmoja wao.

Ilikuwaje? Mwaka 2005 uliitishwa uchaguzi maalumu wa kuupa mji katiba yake wenyewe. Kwa lugha ya karatasi, jambo la kiutawala lisilovutia. Kwa vitendo, liliwatoa madiwani chini ya ukomo wa malipo uliowekwa na jimbo. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika 400. Wengine hawakujua kama kulikuwa na uchaguzi, na wangejulia wapi? Haukuwapo mkono wa kuandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba Jumanne hii mnaulizwa kama mnataka kuwafungulia hazina.

Kuna mkazi mmoja aliyejaribu. Alikwenda ofisini kuuliza mkurugenzi analipwa kiasi gani, akapewa karatasi yenye mshahara wa uongo, mdogo mara kadhaa kuliko wa kweli. Hapo ndipo ninaposhindwa kukubaliana na wale wanaosema magazeti hayana kazi tena kwa kuwa siku hizi kila raia ana simu na ukurasa wake. Raia mmoja akidanganywa anarudi nyumbani. Mwaka 2010 waandishi wawili wa Los Angeles Times, Jeff Gottlieb na Ruben Vives, walikuwa wanafuatilia matatizo ya mji jirani wa Maywood, wakasikia mambo ya Bell, wakaomba nyaraka kwa kutumia sheria ya jimbo. Wakaitwa kwenye chumba cha mikutano katika bustani ya mji, wakamkuta Rizzo amezungukwa na maofisa wake. Wakamuuliza: unalipwa kiasi gani? Akataja dola laki saba. Hata hapo alikuwa amepunguza.

Habari ikatoka Julai 2010. Siku chache baadaye Rizzo, msaidizi wake na mkuu wa polisi wakajiuzulu. Machi 2011 wapiga kura wakawang'oa madiwani, safari hii kwa foleni, na Aprili gazeti likapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya nchi hiyo. Mwaka 2014 Rizzo alihukumiwa miaka 12 jela. Lakini mimi nabaki palepale kwenye chumba cha bustani. Swali lile ni la maneno matatu. Lilichelewa miaka kumi na saba, na mji wenyewe hauko hata nusu saa kwa gari kutoka katikati ya Los Angeles.

Mtu anaweza kusema huo ni mji mmoja wenye wezi waliozidi. Ndiyo maana kuna takwimu moja siachi kuirudia. Watafiti watatu wa fedha, Pengjie Gao, Chang Lee na Dermot Murphy, walichunguza mikopo ya serikali za mitaa za Marekani, zile hatifungani ambazo mji huuza ili ujenge shule au bomba la maji. Wakakuta kwamba gazeti la eneo likifungwa, gharama ya kukopa hupanda kwa kati ya sehemu 5 na 11 za mia za asilimia moja. Utasema hizo ni chenji. Chukua mkopo wa dola milioni 65. Sehemu 10 za mia za asilimia moja ni dola 65,000 kwa mwaka. Kwa miaka kumi ni 650,000, na hicho ndicho kiasi wanachokitaja wenyewe kwa kila toleo la hatifungani. Fedha hiyo haimwendei mwizi yeyote. Ni mkopeshaji aliyeko New York, asiye na mapenzi yoyote na uandishi wa habari, anayesema kimyakimya: kule hakuna anayewatazama, niongezeeni kidogo. Mishahara ya serikali hizo nayo hupanda, na nakisi pia.

Wapinzani wa utafiti huo wana swali la haki: je, si kwamba gazeti lilikufa kwa sababu mji wenyewe ulikuwa unakufa? Watafiti walilinganisha kaunti zilizopoteza gazeti na majirani zao, na tofauti ikabaki. Mimi limenitosha jibu hilo. Na kaunti zenyewe si chache. Tangu 2005 zaidi ya theluthi moja ya magazeti ya Marekani yamefungwa, na kaunti zaidi ya 200 hazina chombo chochote cha habari cha kwao. Ajira katika vyumba vya habari vya magazeti zilishuka kutoka kama 71,000 mwaka 2008 hadi kama 31,000 mwaka 2020. Matangazo yalihamia Google na Facebook. Hadithi hiyo inajulikana.

Sitaki kuyapaka rangi magazeti hayo. Mengi yalikuwa mali ya matajiri wa mji, na mwenye duka kubwa alijua habari gani haitatoka. Tarehe 4 Julai 2004, gazeti la Lexington Herald-Leader la Kentucky lilichapisha sahihisho ukurasa wa kwanza, kwa mtindo uleule wa kurekebisha jina lililokosewa: kwamba imefika kwa mhariri kuwa gazeti halikuandika habari za harakati za haki za kiraia, na linasikitika. Miaka arobaini baadaye! Kwa Mmarekani mweusi wa Lexington wa mwaka 1963, gazeti la mji lilikuwapo kila asubuhi, na halikumwona. Anayeniambia nisililie hayo yaliyofungwa ana haki ya kunisomea sahihisho lile.

Kisha kuna kisa cha George Santos, aliyegombea ubunge wa Baraza la Wawakilishi, kinachonisumbua zaidi maana kinagusa hoja yangu mwenyewe. Kabla ya uchaguzi wa Novemba 2022, North Shore Leader, gazeti dogo la Long Island katika jimbo la New York, lilikwisha andika kwamba utajiri wa mgombea huyu haueleweki umetoka wapi. Hakuna chombo kikubwa kilichoinua habari ile. Santos akashinda. New York Times ikaandika Desemba, kura zikiwa zimeshahesabiwa, na Desemba 2023 Baraza la Wawakilishi likamfukuza kwa kura 311 dhidi ya 114. Kwa hiyo gazeti dogo kuwapo hakutoshi. Lazima kuwe na mwenzake mkubwa anayelisoma.

Linalobaki ni nani alipe. Wengi Marekani husikia neno ruzuku wakaona mkono wa serikali kooni mwa mhariri, na hofu hiyo si ya kijinga. Sisi tunaijua vizuri kuliko wao. Lakini wanaosema ruzuku ni kitu kigeni kwa taifa lile wamesahau sheria ya posta ya 1792. Barua ya kawaida ililipiwa kuanzia senti 6, na kwa safari ndefu ilifika senti 25. Gazeti lilisafiri hadi maili 100 kwa senti moja, na zaidi ya hapo kwa senti moja na nusu, haidhuru lilimsifu rais au lilimtukana. Wahariri walibadilishana nakala bure. Julai 2025 Bunge la nchi hiyohiyo liliondoa dola bilioni 1.1 zilizokwisha tengewa redio na televisheni za umma. Hoja kubwa iliyotolewa ilikuwa upendeleo wa kisiasa wa vituo vya kitaifa. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa inakwenda kwenye vituo vya mikoani, vikiwamo vya vijijini ambako gazeti liliondoka zamani.