Minara Miwili, Mimi Nimehesabu Mitano

Jamani nani alianzisha huu utaratibu wa kitabu cha katikati, hadithi moja kugawiwa vitabu vitatu? Cha kwanza naelewa, unatambulishwa kwa watu. Cha tatu naelewa, vita inaisha, watu wanaoana, wanarudi kwao. Sa cha pili kazi yake nini? Hakina kichwa hakina mkia, unafungua tu unakuta watu wanakimbizana porini, hamna tulikoishia hamna nini, sura ya kwanza hiyohiyo Boromir, mmoja wa wale wasafiri, kashachomwa mishale kafa na mi hata miwani sijavaa vizuri.

Naongelea vile vya Tolkien, yule mwandishi Mwingereza, vya pete, The Lord of the Rings. Cha pili kinaitwa The Two Towers. Na hapo kwenye jina ndo ugomvi wangu wa kwanza maana wameandika minara miwili, mi nimekaa kibandani kwangu hapa Buzuruga, Mwanza (ni wakala wa pesa za simu, mchana wateja wanakuwa wachache) nikahesabu: kuna Orthanc wa yule mchawi msaliti Saruman, kuna Barad-dûr wa Sauron, yule mkubwa wa maadui mwenye jicho, kuna Minas Morgul, kuna Minas Tirith, afu mwishoni unaibuka Cirith Ungol. Mitano! Ipi ndo miwili? Nikasema labda kimombo changu ndo kibovu, kumbe hata Tolkien mwenyewe kwenye barua zake alikuwa anayumba, leo anasema huu na huu, kesho anasema hapana ni huu na ule. Sa kama mwenye nyumba hajui milango yake mi mpangaji nifanyeje?

Afu Gandalf, yule mchawi mzee wa upande wa wema. Kitabu cha kwanza kadondoka shimoni na lile lijini la moto, watu wamelia, mi kwa upande wangu nilishatoa rambirambi moyoni nikasahau, huku anatokea msituni kavaa nyeupe tupu, mzima wa afya, halafu anapanda farasi mkali kuliko farasi wote wa ile nchi. Hamna hata aliyemuuliza gharama za msiba. Jirani yangu anayeuza vocha nilipomsimulia akauliza hao watu ni wa Gamboshi, kile kijiji kinachosifika kwa uchawi, au, nikamwambia kaka acha utani hii ni fasihi.

Ila kilichonimaliza ni miti. Kuna miti inatembea na kuongea, inaitwa Ents, mzee wao Treebeard, na sifa yao kubwa ni kwamba hawana haraka. Saruman anawakatia msitu, anachoma, wao wanaitisha kikao wajadili kama wapigane au wasipigane, na kikao kinaenda siku tatu. Siku tatu bana! Mchana wa siku ya kwanza Treebeard anawajia wale hobiti wawili (hobiti ni watu wafupi), Merry na Pippin, anawapa matokeo: wajumbe wamewatazama na wamekubaliana kwamba nyie si Orcs, yale majitu ya upande wa maadui, na mtaongezwa kwenye orodha ya viumbe. Hapo nilicheka peke yangu mpaka mteja akaondoka, maana ni kikao cha mahari kabisa hiki, nilikaa Magu kwenye mkeka toka asubuhi wazee wanasalimiana, mwangaluka mwangaluka, wanaulizana ng'ombe, wanaulizana mvua, jua linazama anatoka mshenga uso umemshuka anasema tunaendelea vizuri, wamekubali kwamba kijana kweli amekuja.

Na hao Ents wake zao wamepotea. Hawajulikani walipo, miaka na miaka, waume wanaimba tu nyimbo za kuwatafuta. Nikamsomea mama Kulwa usiku nikidhani ataona huruma, akasema bila kugeuka, "Baba Kulwa, hao wanawake hawajapotea, wamechoshwa na vikao."

Sasa kwa mliozoea kibanda umiza mnajua kanuni, steringi hafi na steringi haondoki kwenye skrini. Huku Frodo ambaye ndo kabeba pete, ndo safari yote ni yake, haonekani nusu nzima ya kitabu! Sura kumi na moja unasoma habari za watu wengine, farasi, ngome ya Helm's Deep, mvua, mapanga, na mi niko katikati ya hiyo vita ukutani hapatoshi mtu anagonga dirisha "kaka nitolee elfu tano," nampa elfu kumi namkimbilia mpaka stendi. Afu ghafla mwandishi anawaacha wote wale anarudi kwa Frodo na Sam mwenzake wa safari, sura kumi tena, na sa hivi ndo hujui wale wengine wanaendeleaje. Hakuna siku una watu wako wote.

Huko nako kuna Gollum, kiumbe anayewaongoza njia, anakula samaki wabichi. Wabichi! Sam wa watu anajitahidi, kapata sungura, katafuta majani ya kuungia, anatamani na viazi, yule anamlalamikia kwamba anaharibu nyama kwa moto. Mtu huyo mlete soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba asubuhi dagaa wanaposhushwa uone kama kutabaki biashara.

Mwisho wake sasa. Buibui mkubwa anamchoma Frodo, Sam anadhani kafa, anachukua pete, anawasikia maadui wanaongea kumbe mtu yuko hai, anakimbia, geti linafungwa puani kwake, anaanguka anazimia. Kitabu kimeisha. Niligeuza jalada nikidhani kurasa zimechanwa. Hicho kilitoka Novemba 1954 na cha tatu kikatoka Oktoba 1955, yani Waingereza walikaa karibu mwaka mzima Sam kalala nje ya geti, na mzee wa watu alikuwa kaandika kitu kimoja tu kirefu, wachapishaji ndo wakakigawa mara tatu kwa sababu baada ya vita karatasi zilikuwa bei juu.

Mi cha tatu kila nikimuuliza muuza vitabu vya mtumba ananiambia kinakuja na mzigo wa Dar. Mpaka nimempata jamaa wa Sengerema, ni kuvuka tu na kivuko cha Kamanga, yeye cha tatu anacho ila cha pili hana, kwa hiyo anasoma watu wanaoa na hajui walikutana wapi. Nikamwambia basi ndugu tubadilishane. Akasema sawa, tuma chako kwanza. Nikamwambia tuma wewe kwanza. Wiki nzima sasa tunasalimiana vizuri tu, shwari kaka, shwari, familia wazima, wazima, na kitabu hakijavuka maji.