Muuaji Akijulikana Mapema: Tatizo la Riwaya za Upelelezi Zinazotabirika

Msomaji mzoefu wa riwaya za upelelezi mara nyingi hamtambui muuaji kwa kufuata ushahidi. Anamtambua kwa kuangalia mtunzi anavyotumia kurasa zake. Daktari wa kijiji katajwa mara tano, ana adabu, anamfariji mjane, lakini hana kazi yoyote ya maana katika kisa: basi ndiye. Aliyegombana na marehemu hadharani katika sura ya pili siye, huyo kawekwa pale ili mpelelezi apotee njia. Hata kabla kitabu hakijafika nusu, msomaji jina analo, ingawa ukimuuliza mauaji yalifanyikaje hawezi kukueleza. Ndiyo maana wengi wanauliza: isiyotabirika nitaipata wapi?

Wapo wanaojibu kwamba kutabirika si dosari. Hakuna aliyefungua Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka mwaka 1974, akidhani Willy Gamba, jasusi shujaa wake, atauawa katikati ya kitabu. Watu walimsoma kwa ajili ya mbio, hatari na ujasiri wake, na kujua kwamba atatoka salama hakukuwapunguzia chochote. Hoja hiyo naikubali kwa riwaya za ujasusi na mapambano. Riwaya ya fumbo ni jambo jingine. Imeniahidi fumbo, na nikilifumbua mapema bila jasho, uzuri wa lugha na mandhari haulipi deni hilo.

Upande wa pili wapo wanaotaka mshangao kwa gharama yoyote, na hao ndio walioleta hila. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kiingereza aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya hizi, aliandika kanuni kumi za kuzuia udanganyifu huo: sumu zisizojulikana zisitumike, pacha asizuke bila msomaji kuandaliwa, na mpelelezi asifiche kidokezo alichokiona. Ukisoma kanuni hizo unaona jinsi wasomaji walivyokuwa wamechoshwa. Pacha anayeibuka ukurasa wa mwisho kweli hatabiriki, lakini hana faida yoyote kwa aliyekuwa akifikiri muda wote huo.

Kati ya pande hizo mbili kuna vitabu vichache vinavyostahili kutafutwa. Agatha Christie alipotoa The Murder of Roger Ackroyd mwaka 1926, baadhi ya wasomaji walilalamika kwamba wamechezewa rafu. Dorothy L. Sayers, mtunzi mwenzake, alimtetea kwa kusema kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu. Muuaji simtaji. Ila ukikirudia kitabu hicho ukiwa umeshajua, utakuta sentensi ulizozipita haraka zilikuwa kweli tupu, wewe ndiye uliyezisoma vingine. Mimi niko upande wa Sayers.

Hata hivyo, mfano unaonigusa zaidi unatoka Japani. Katika The Devotion of Suspect X ya Keigo Higashino, iliyotoka mwaka 2005, muuaji tunamjua tangu kurasa za mwanzo. Yasuko, mama anayeishi na bintiye na kufanya kazi katika duka la chakula, anamuua mtalaka wake nyumbani kwake. Jirani yao, mwalimu wa hisabati aitwaye Ishigami, anajitolea kuyaficha mauaji hayo. Polisi wanakuja kuuliza: siku ile mlikuwa wapi? Mama na bintiye wanasema walikwenda sinema, na vipande vya tiketi vipo. Unasoma ukiamini kwamba swali pekee lililobaki ni kama watakamatwa. Kumbe kilichofichwa ni kitu ambacho hata hukukidhania kuwa ni swali.

Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Naoki, tuzo kubwa ya fasihi ya Japani, lakini kilizua ubishi Japani kwenyewe. Mtunzi Reito Nikaido alidai hakistahili kuhesabiwa kuwa fumbo halisi, kwa kuwa msomaji hapewi vidokezo vya kutosha kuufikia ukweli kwa hoja. Ukipima kwa kanuni kali, ana la kusema. Hata hivyo, Ishigami mwenyewe anaeleza ndani ya kitabu jinsi anavyotunga mitihani: swali linaonekana la jiometri, kumbe si la jiometri hata kidogo. Siri yote imewekwa hapo peupe, na karibu wote tunaipita.

Kwa Kiswahili, Muhammed Said Abdulla alikuwa na mbinu inayokaribiana na hiyo. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960, na kuanzia hapo Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum, akawa mpelelezi ambaye mafumbo yake mara nyingi hayaishii kwenye swali la nani kaua. Yanaingia kwenye nasaba, ndoa na urithi: huyu ni mtoto wa nani hasa? Anayekaa kuhesabu washukiwa anahesabu kisichoulizwa. Sadfa ni nyingi mno, hilo silifichi, na pengine Knox angekunja uso. Lakini kumtabiri Bwana Msa ni kazi.

Kwa hiyo anayetafuta kitabu asidanganywe na jalada linalojisifu kwamba mwisho wake utamshtua mtu. Sifa hiyo yenyewe inamharibia, maana tangu ukurasa wa kwanza ataanza kumwinda yule mpole asiyeshukiwa. Atafute watunzi wanaothubutu kumtaja muuaji mapema, kama Mwingereza R. Austin Freeman alivyofanya katika The Singing Bone, mkusanyo wa hadithi uliotoka mwaka 1912, au wanaouliza swali tofauti na la nani kaua. Na Higashino amsome bila kumuuliza mtu yeyote aliyekwisha kumsoma.